Alizeti ya oleiki nyingi na mafuta ya mise kwenye biskuti

Mkuu, umeuliza kama "alizeti yenye oleiki nyingi" kwenye pakiti ya krispi kutoka nje, na "mafuta ya kiini cha mchikichi" kwenye biskuti za mtoto, ni kemikali. Mimi nakaanga na kufungasha krispi za ndizi, na mafuta yananiumiza kichwa kuliko ndizi zenyewe, kwa hiyo ngoja nikujibu.

Hiyo ya kwanza ni alizeti kweli, mbegu yake tu ndiyo tofauti. Alizeti ya kawaida imejaa asidi ya linoleiki, moja ya asidi zinazounda mafuta. Hii imejaa oleiki, asilimia 75 kwenda juu, asidi ile ile inayotawala mafuta ya zeituni. Aina ya mwanzo, Pervenets, ilitoka kwa Wasovieti miaka ya 1970: mbegu zilitiwa kemikali ya kubadili vinasaba, wakateua miche waliyoitaka, wakaendelea kuzalisha. Hakuna jeni iliyohamishwa kutoka kiumbe kingine, na hakuna kinachoongezwa kwenye mafuta.

Viwanda vinaitaka kwa sababu ya kuchacha. Linoleiki inashambuliwa na oksijeni haraka zaidi kuliko oleiki. Krispi ni nyembamba, mafuta yametandazwa juu yake kote, hewa inayapata kirahisi. Zikiwa kwenye mfuko mweupe unaoonyesha, muuza duka akazitundika dirishani juani, ndiyo basi tena. Ukifungua, pua inapata harufu ya rangi ya mafuta ya kupakia milango, na koo linabaki na ukakasi. Ndiyo maana wakubwa wanatumia pakiti zenye fedha ndani na kujaza naitrojeni, gesi inayochukua nafasi ya oksijeni. Sisi wadogo tunabaki kuomba mzigo uishe mapema.

Hayo mafuta ya kiini cha mchikichi kwenye biskuti ndiyo mise. Watu wa Kigoma wanaijua vizuri: nyama ya chikichi inatoa mawese, kokwa inatoa mise, na mise wengi wanapeleka kwenye sabuni. Karibu asilimia 80 ya mafuta yake ni yale yaliyoshiba, kwa hiyo yanaganda kwenye ubaridi wa kawaida na kuyeyuka mdomoni. Krimu ya katikati ya biskuti inataka hivyo hivyo. Zamani kazi hiyo ilifanywa sana na mafuta yaliyogandishwa nusu kwa haidrojeni, yenye mafuta ya transi, aina inayodhuru moyo. Marekani iliamua mwaka 2015 kuyaondoa, na mise na mawese vikapata soko zaidi. Transi ni mbaya kuliko mise, lakini hilo halifanyi mise kuwa chakula cha kila siku cha mtoto.

Kinachonikera mimi ni lebo inayoandika "mafuta ya mimea" basi. Mimea gani? Hapo angalia jedwali la lishe, mstari wa mafuta yaliyoshiba. Ukiwa juu sana, dhania mise, mawese au nazi.

Na nyumbani usihangaike kulipia zaidi alizeti ya oleiki kwa ajili ya kuunga mboga. Chakula kinaliwa siku hiyo hiyo, hakina muda wa kuchacha. Ila kama unakaanga maandazi ya biashara na mafuta yanakaa motoni kutwa, hapo piga hesabu, inaweza kukulipa.