Maswali na Majibu: Upungufu wa Damu kwa Wagonjwa wa Moyo

Swali: Moyo wangu umeshindwa kusukuma damu ipasavyo, na hemoglobini yangu ni 10.8. Je, hali hiyo itaathiri maisha yangu ya mbele?

Jibu: Itaathiri isiposhughulikiwa. Kikomo cha chini cha hemoglobini, yaani protini ya damu inayobeba oksijeni, ni gramu 13 kwa desilita kwa mwanamume na 12 kwa mwanamke asiye mjamzito. Wagonjwa wa moyo walio chini ya hapo hulazwa mara nyingi zaidi na hufariki mapema kuliko wenzao. Hata hivyo, kupandisha namba hiyo peke yake si tiba: jaribio la RED-HF, lililochapishwa mwaka 2013, liliipandisha kwa darbepoetini, dawa inayochochea mwili kutengeneza chembe nyekundu za damu, lakini vifo na kulazwa havikupungua, na matukio ya damu kuganda mishipani yaliongezeka.

Swali: Nimejinunulia vidonge vya chuma. Ninywe kwa muda gani?

Jibu: Swali hili huletwa kila mara, na kila mara muulizaji hasemi kwa nini damu yake imepungua. Je, figo zako zimepimwa? Unatumia aspirini au dawa za kuzuia damu kuganda, ambazo huweza kusababisha kuvuja damu tumboni polepole bila maumivu yoyote? Vidonge vya chuma hugeuza kinyesi kuwa cheusi, na kinyesi cheusi ndiyo dalili ya damu inayovuja tumboni, kwa hiyo anayevimeza kiholela huweza kuificha dalili ambayo ingemwokoa. Isitoshe, katika jaribio la IRONOUT HF la mwaka 2017, wagonjwa wa moyo walivimeza kwa wiki 16 bila uwezo wao wa kufanya mazoezi kuongezeka. Chuma kinachowasaidia wengi wao, kwa kupunguza uchovu na kulazwa, ni kile kinachopitishwa kwenye mshipa, nacho hutolewa baada ya kupima feritini (protini inayoonyesha akiba ya chuma mwilini) na ujazo wa transferini (kiasi cha chuma kilichobebwa na protini inayokisafirisha katika damu).

Swali: Hemoglobini yangu ni ya kawaida. Basi upungufu wa chuma haunihusu?

Jibu: Unakuhusu. Akiba ya chuma huisha kabla hemoglobini haijashuka.

Swali: Kwa nini daktari amekataa kuniongezea damu ilhali ninachoka sana?

Jibu: Kwa sababu uchovu pekee hautoshi. Kwa mgonjwa aliyetulia, damu huongezwa kwa kawaida hemoglobini inapokaribia 7 au 8, na moyo dhaifu huweza kulemewa na maji hayo ya ziada hadi mapafu yakajaa. Kwa aliyepata shambulio la moyo, uamuzi wa kuongeza damu hufanywa kwa namna tofauti.

Swali: Niache aspirini?

Jibu: Usiiache kabla ya kuzungumza na daktari wako, hasa ikiwa umewekewa stenti, yaani kijibomba cha kuuweka wazi mshipa wa moyo. Ukitapika damu au ukipata choo cheusi, nenda hospitali siku hiyohiyo.