Skana ya Redio kwa Anayeanza: Tangulia na Skwelchi

Hapa Minnesota, Marekani, nimewasaidia ndugu na majirani kadhaa kuanza kutumia skana ya redio, yaani kifaa kinachopitia chaneli moja baada ya nyingine kikitafuta mawasiliano ya kusikiliza, na ushauri wangu kwao wote umekuwa mmoja: kabla ya kusaka mawasiliano ya polisi au zimamoto, ielewe skwelchi. Hiki ndicho kidhibiti kinachozima mvumo pale ambapo hakuna mawimbi yenye nguvu ya kutosha. Ukikilegeza mno, skana hukwama kwenye chaneli tupu kana kwamba imepata mtu. Ukikikaza mno, hunyamaza hata watu wanapozungumza, nawe utaamini kuwa kifaa ni kibovu.

Jifunzie kwenye kituo kisichonyamaza. Idara ya hali ya hewa ya Marekani hutangaza saa 24 kwa siku katika chaneli 7, kuanzia megahezi 162.400 hadi 162.550. Chagua kwanza chaneli isiyosikika mahali ulipo, zungusha skwelchi polepole hadi mvumo ukatike, kisha uongeze kidogo tu. Sasa hamia kwenye chaneli yenye matangazo: ikiwa sauti inatoka bila kukatika, umepapata mahali pake. Endelea kukaza kwa makusudi hadi mtangazaji apotee, kwa maana sikio likishazoea mpaka huo, hutahitaji tena kubahatisha.

Baada ya hapo, nenda kwenye masafa ya ndege, kati ya megahezi 118 na 137, ambako marubani na waongozaji wao hutumia AM na si FM. Skana isiyobadili yenyewe itakupa sauti mbovu usipoichagulia AM. Antena ya kuvuta nayo ina kipimo chake: gawanya 75 kwa megahezi unazosikiliza, upate urefu wa robo ya wimbi kwa mita. Kwa ndege ni takriban sentimita 60, na kwa hali ya hewa ni kama 46.

Vitufe vingine havina ugumu. Kimoja huanzisha msako, kingine huishikilia chaneli unayoitaka, na kile ambacho mara nyingi huandikwa L/O huiruka chaneli inayosumbua. Ingiza chaneli chache unazozijua badala ya kujaza kumbukumbu yote, kwa sababu skana inayozunguka mamia ya chaneli hufika mazungumzo yakiwa yamekwisha.

Linaloniuma zaidi ni kuona mtu akitoa fedha zake kwa kifaa kisichomfaa. Polisi wengi wa Minnesota hutumia ARMER, mtandao wa kidijiti wa jimbo zima ulio katika megahezi 800, ambao skana ya kawaida ya analogi haiwezi kuufuata hata ukiinunulia antena bora kiasi gani. Skana ya kidijiti itaufuata, lakini mawasiliano yaliyofungwa kwa msimbo hayatafunguka kwa kifaa chochote cha dukani. Uliza kwanza mji wako unatumia mfumo gani.

Sheria nayo isomwe mapema. Sheria ya shirikisho inakataza kunasa mazungumzo ya simu za mkononi, na Minnesota inazuia kubeba ndani ya gari, bila kibali, kifaa kinachoweza kupokea masafa ya dharura ya polisi, ingawa wenye leseni ya redio za ridhaa, yaani wanaowasiliana kwa redio kama burudani na si kazi, wamewekewa nafasi yao. Kwa anayeanza, skana ikae nyumbani, karibu na dirisha.