Muulize Bwana Shamba: Baridi Imechoma Mitende Yangu

SWALI: Assalaam alaykum, Bwana Shamba. Mimi ni mzaliwa wa Langoni, Lamu, na huu ni mwaka wa sita tangu nihamie Houston, Marekani. Nyumba ninayoishi ina mtende mkubwa wa Kanari mbele ya lango, na nyuma ya nyumba kuna miti miwili mirefu ya Washingtonia, ambayo majani yake yamekunjuka kama ya mvumo wetu wa pwani. Mwezi wa Januari baridi ilishuka hadi nyuzi 7 chini ya sifuri kwa usiku mbili mfululizo, na haikupita wiki makuti yote yakawa ya rangi ya kahawia kana kwamba yamepitiwa na moto. Jirani ananishauri niyakate yote, na fundi wa bustani anasema miti imekwisha kufa, niing'oe nipande mingine. Moyo haunipi, maana miti hii ndiyo inayonikumbusha nyumbani. Nifanyeje? Na je, nikiletewa nazi kutoka Lamu naweza kuipanda huku?
Msomaji, Houston

JIBU: Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Rudisha msumeno stoo kwanza, na huyo fundi mwambie asubiri hadi mwezi wa Agosti. Mti wa jamii hii hauhukumiwi kwa rangi ya makuti yake, bali kwa hali ya moyo wake, na moyo huo hauonekani kwa mtu aliyesimama chini.

Nianze na jambo ambalo wewe, mtoto wa Lamu, unalijua tayari. Mwembe au mwarobaini ukiukata kwa shoka hata usawa wa goti, mvua ikinyesha utachipua, kwa kuwa macho ya kuchipulia yametapakaa mwili mzima. Mnazi haupo hivyo. Kila kuti, kila karara na kila nazi hutoka mahali pamoja tu, kule kileleni ndani ya shaha, ile nyama nyeupe na tamu ambayo tulipokuwa watoto tuliigombania siku mnazi ulipoangushwa. Hata mkoma, ambao shina lake hugawanyika panda, kila panda ina moyo wake mmoja. Mtende wa Kanari na Washingtonia ni vivyo hivyo: shaha ikiwa hai mti u hai, hata kama juu yake hapakubaki unyasi wa kijani, na shaha ikioza mti umekwisha, hata kama makuti ya chini yangali yanang'aa.

Baridi ya kugandisha hufanya kazi yake hivi. Maji yaliyo baina ya chembe za jani huganda kwanza, kisha barafu hiyo huyavuta maji yaliyomo ndani ya chembe zenyewe, zikanywea na ngozi zake zikapasuka. Jani halina kinga, kwa hiyo huungua mapema. Shaha imefunikwa na tabaka juu ya tabaka la vikonyo vya makuti na vilifu, nayo hupatwa mwisho. Mara nyingi basi si baridi yenyewe inayoua mti, bali uozo unaofuata, pale ukungu na bakteria wanapoingia katika sehemu iliyojeruhiwa na maji ya mvua yakatuama humo kileleni. Hapa ndipo penye nafasi yako ya kuokoa.

Siku za jalidi zikipita, weka ngazi madhubuti, vaa glavu nene (miiba iliyo kwenye vikonyo vya mtende wa Kanari ni mirefu kama kidole na huchoma vibaya sana), kisha ulishike lile kuti changa la katikati ambalo halijafunguka, ulivute kwa upole. Likishikilia kwa nguvu, shukuru Mungu, shaha i salama. Likichomoka, linuse na ulitazame shinani: ukikuta rangi ya kahawia, utelezi na harufu ya unga uliochacha, uozo umeanza, lakini bado usikate tamaa. Ondoa kila kilicholegea, acha maji yote yatoke, kisha mimina ndani dawa ya ukungu yenye shaba, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, na urudie mara moja baada ya siku 7 hadi 10. Usizidishe hapo, kwa kuwa shaba ikijilimbikiza huunguza hata nyama iliyo hai. Mvua ikiwa nyingi, funika kilele kwa kitu kitakachozuia maji lakini kitakachopitisha hewa.

Kuhusu makuti, ushauri wa jirani yako una nia njema lakini una hatari. Kuti lenye kijani, japo robo tu, bado linaupikia mti chakula, na hata lililokauka kabisa linaifunika shaha iwapo baridi itarudi. Yaache yote mpaka uwe na hakika kwamba hakuna jalidi tena, kisha uondoe yale tu ambayo yamekufa moja kwa moja. Na msumeno wenyewe usafishwe kwa maji ya klorini kabla ya kuugusa mtende wa Kanari, kwa sababu mtende huo una ugonjwa wake wa kunyauka, unaoletwa na ukungu wa Fusarium, ambao mafundi huuhamisha kutoka bustani hadi bustani kwa misumeno yao, na hauna dawa.

Sasa unangoja. Ili usingoje kwa kubahatisha, chukua kalamu ya wino usiofutika, uchore mstari mmoja unaokata kuti changa na kikonyo cha jirani yake kwa pamoja. Baada ya wiki mbili au tatu za joto tazama: mstari ukiwa umevunjika, kipande cha kuti changa kikiwa kimepanda juu ya mwenzake hata kwa upana wa kidole, mti wako unakua. Hapo ndipo uanze kuulisha mbolea inayoyeyuka polepole, yenye potasiamu, magnesiamu na manganisi. Kabla ya hapo mbolea haisaidii kitu, kwa kuwa mizizi iliyo katika udongo wa baridi hainywi.

Makuti ya kwanza huenda yakatoka mafupi, yaliyokunjamana, ncha zake zimeungua. Usiogope, kwa maana hayo yalijeruhiwa yakiwa bado madogo ndani ya shaha, na kwa kuwa kuti hukaa muda mrefu ndani kabla ya kutokeza, alama za baridi ya usiku mbili zinaweza kuendelea kuonekana kwa zaidi ya mwaka. Jambo la kuangaliwa zaidi ni maji wakati wa kiangazi. Shina la mti huu halijengi mishipa mipya kama mwembe unavyofanya, kwa hiyo mishipa iliyoharibiwa na barafu haiponi, na joto la Juni likizidi, ile iliyobaki hushindwa kupandisha maji ya kutosha; mti uliochipua vizuri mwezi wa Aprili ukaanguka ghafla. Mwagilia kwa kina, usiuache ukaona kiu. Hata ukipona, shina linaweza kubaki na kiuno chembamba pale lilipokuwa likikua mwaka huo, na kiuno hicho hakitanenepa.

Kwa nyuzi 7 chini ya sifuri, mtende wa Kanari nauwekea matumaini makubwa. Makuti huungua kwa baridi hiyo, lakini moyo wake kwa kawaida hustahimili. Washingtonia ziko za aina mbili. Ile yenye shina nene hustahimili zaidi. Yenye shina jembamba na refu, ambayo ndiyo nadhani unayo, iko ukingoni kabisa. Baridi ya Februari 2021, ilipofika karibu nyuzi 10 chini ya sifuri hapo Houston, iliua nyingi sana za aina hiyo. Ikifika Agosti bila chipukizi lolote, basi mti umekufa, na usiuache umesimama karibu na nyumba, kwa kuwa kilele kilichooza huanguka bila kuonya. Ukitaka badala yake, uliza miti ya Sabal, ambayo mmoja wa jamaa zake ni wa asili ya Texas kwenyewe, au Trachycarpus wa China, ambao hustahimili nyuzi 12 chini ya sifuri.

Msimu ujao wa baridi, usipogoe makuti mabichi kuanzia mwezi wa Septemba, utie potasiamu mapema, na siku moja kabla ya jalidi umwagilie udongo vizuri, kwani udongo wenye maji hutunza joto. Makuti ya katikati yafunge pamoja kwa kamba, uyazungushie blanketi au gunia, ukiweza utangulize ndani yake taa ndogo za balbu za zamani, zile zinazotoa joto. Plastiki isiguse majani. Baridi ikiondoka, fungua siku hiyo hiyo.

Nazi ya Lamu, ndugu yangu, iache huku. Hapa Malindi, hata Julai wakati wa kusi, usiku wetu kwa kawaida hubaki juu ya nyuzi 20, na hiyo ndiyo hali ambayo mnazi umeizoea. Huko Marekani humea nje kusini mwa Florida na Hawaii, lakini Houston usiku mmoja wa jalidi ungetosha kuumaliza.

SWALI: Bwana Shamba, hujambo mwanangu? Nina minazi michanga ya miaka mitatu, ambayo nimeipandia wajukuu wangu. Makuti mapya yanatoka yamekatwa pande mbili kama kwa mkasi, na miti mitatu kuti lake la katikati limekauka. Wengine wananiambia ni jicho la watu.
Mama mkulima, Mambrui

JIBU: Shikamoo, mama. Huyo ni chonga, yule mdudu mweusi mwenye pembe kichwani. Huruka usiku, akatoboa shinani mwa kuti changa akila kuelekea kwenye shaha, na kuti likifunguka miezi kadhaa baadaye ndipo unapoona ule mkato. Kwa hiyo mikato unayoiona leo ni ya zamani; unachotakiwa kukitafuta ni tundu jipya lenye makapi mabichi yaliyosukumwa nje, mfano wa vumbi la mbao lililolowa.

Ami yangu alinifundisha kumtoa nilipokuwa na miaka kumi hivi. Alikuwa na waya mgumu aliouinamisha ncha kama ndoana. Alinipa koroboi niishike, akaingiza waya taratibu ndani ya tundu, akatulia, akausokota mara moja, na nikasikia ule mkwaruzo wa gamba kabla ya mdudu kutoka, miguu yake ingali inacheza. Kisha alitia kidole kwenye jeraha, akakitoa, akakinusa kwa muda mrefu. Kuti la katikati lilikuwa limeoza, akalichomoa lote, akakomba uozo kwa kipande cha kifuu mpaka akakuta pakavu, akapaacha pakauke siku mbili, halafu akajaza mchanga uliochanganywa na jivu katika vikwapa vya makuti ya jirani. Mimi niliuhesabu mnazi ule kuwa umekufa. Baada ya miezi minne ulitoa kuti moja fupi, lililopinda. Madafu yake nimeyanywa miaka mingi baadaye.

Fanya hivyo hivyo, mama, kwa ile mitatu. Na kwa kuwa chonga huzaa katika magogo yanayooza na katika samadi iliyolundikwa, tafuta ndani ya hatua mia moja kutoka shambani: kila gogo la mnazi lililolala chini lipasuliwe likauke au lichomwe, na lundo la samadi ligeuzwe kila mwezi, kuku wapewe wale funza weupe wanene. Ukiacha gogo moja tu, utatoa wadudu kwa waya mwaka mzima na hawataisha. Jicho la watu halina tundu, wala halitoi makapi.

Ndugu yetu wa Houston naye asome hapa, kwa sababu alichokifanya ami kwa kifuu ndicho anachopaswa kukifanya yeye kwa kisu safi na dawa ya shaba.

SWALI: Tulihamisha minazi mitano mikubwa kutoka Hindi, kule Lamu upande wa bara, hadi Shela kisiwani. Fundi aliizika mita moja zaidi ya ilivyokuwa, ili kusi isiiangushe. Sasa ni mwaka, na makuti mapya ni madogo, ya manjano, ncha zimekufa.
Mtunza bustani, Shela

JIBU: Ndugu, kosa ni hilo la kuizika. Mizizi ya mnazi hutoka kwenye kitako chake na inahitaji hewa. Ukiifukia mita moja inashindwa kupumua na kunywa, na mchanga ukiwa na chokaa ya matumbawe upungufu wa manganisi hujitokeza haraka, ndio hayo makuti ya manjano yaliyodumaa. Fukua kila mti mpaka ukione kitako ulipokuwa usawa wa ardhi zamani, na upanue shimo ili mchanga usirudi. Upepo usiukinge kwa kuufukia, bali kwa miti mitatu ya kuegemeza, iliyofungwa kwenye mbao zilizozunguka shina juu ya gunia, bila kupigilia msumari hata mmoja mwilini mwa mnazi, kwa sababu kidonda chake hakifungi kamwe. Tia salfeti ya manganisi kidogo, na mwagilia kwa maji ya visima vinavyochujwa na matuta yenu ya mchanga, wala si ya kisima cha ufukweni kilichoingia chumvi, kwani mnazi uliozoea huvumilia chumvi lakini uliohamishwa hauiwezi. Egemeo likae mwaka mmoja, kisha uliondoe kabla ya kusi kuanza, uone kama mti unasimama wenyewe.