Zug siyo treni tu: namna ya kulishika neno linaloingia kila mahali kwenye Kijerumani

Wadogo zangu mnaojiandaa kuja Ujerumani kwa Ausbildung, yaani mafunzo ya kazi, na nyie mliokwisha fika huku mnahangaika na barua, leo nataka niongelee neno moja tu, Zug. Kozi zote zinakufundisha mwanzoni kabisa kwamba der Zug ni treni, unaandika kwenye daftari, unaendelea na mengine. Halafu unaanza kazi unakuta neno hilohilo liko kwenye mshahara, kwenye kitanda cha mgonjwa, kwenye mkataba wa nyumba, dirishani, na hapo hakuna treni hata moja. Mimi kazi yangu ni kuhudumia wazee kwenye nyumba ya wazee na naona vijana wetu wengi wenye akili nzuri tu wanakariri haya maneno moja moja kama hayajuani, wakati yote ni ndugu wa tumbo moja.

Mama yao ni kitenzi ziehen, kuvuta. Ziehen, zog, gezogen, hiyo itoke kichwani bila kufikiri. Ni neno la zamani mno, Wajerumani wa kale walisema ziohan, na kwenye Biblia ya Kigothi, lugha ya kale iliyo jamaa ya Kijerumani, ya karne ya 4 lipo kama tiuhan. Kiingereza nacho kina tow na tug kutoka ukoo huohuo, maana kule walibaki na t ya mwanzo na Kijerumani kikaigeuza kuwa ts, ndiyo sababu two ni zwei, ten ni zehn na tongue ni Zunge. Kwa hiyo ukitamka Zug anza na ts, mwishoni g isikike kama k, tsuuk, ingawa ukienda kaskazini utasikia wengi wanasema "Zuch" na ni sawa tu, wewe elewa.

Sasa sisi tunaoongea Kiswahili hapa tuna bahati, maana vuta yetu nayo imetembea sana. Tunavuta kamba, tunavuta sigara, tunavuta pumzi, tunavuta subira, mtu ana mvuto, watu wana mvutano. Mjerumani naye akivuta sigara mara moja hiyo ni ein Zug, akivuta pumzi ni Atemzug, na kazini utaambiwa uhesabu Atemzüge za mgonjwa kwa dakika, mtu mzima aliyetulia kwa kawaida ni kama 12 mpaka 18. Akinywa bia yote bila kupumua, in einem Zug. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, futa "Zug = treni" kwenye daftari, andika "Zug = mvuto, kitu kinachovuta au kinachovutwa". Treni imeitwa hivyo kwa sababu ni mabehewa yanayovutwa kwa msururu, na msururu wowote unaosonga unaweza kuwa Zug, iwe kikosi cha wanajeshi, iwe maandamano ya karnivali, kule Köln barabara nzima inapiga kelele "d'r Zoch kütt", msafara unakuja. Hata ndege wanaohama ni Vogelzug, wale korongo weupe wanaotoka Ujerumani wanapita kwetu Afrika Mashariki kila mwaka.

Halafu kuna ule Zug wa hewa, na huu naomba muusikilize vizuri. Bibi mmoja ninayemhudumia, ukifungua dirisha na mlango uko wazi, hata kama nje kuna joto, anajifunika shali shingoni anasema "Es zieht!" Maneno mawili tu. Ukitafsiri neno kwa neno unapata "inavuta" na unabaki unamwangalia, kumbe anachosema ni kwamba upepo unapita ndani na anataka ufunge sasa hivi. Huo upepo ndio Zug au Zugluft, na Wajerumani wengi, hasa wa umri wake, wanaamini kabisa unaleta shingo kukakamaa na mafua, ingawa haohao asubuhi wanafungua madirisha yote nyumba ibadilishe hewa. Ukisikia "es zieht" usijibu kitu, nenda kafunge kwanza. Chumba chenye upepo wa hivyo ni zugig, lakini weka nukta mbili juu ya u ikawa zügig, maana yake haraka bila kusitasita, kwa hiyo muuguzi mkuu akisema fanyeni zügig haongelei dirisha.

Na kwa nyie wa uuguzi, kuna msemo mmoja lazima muujue kabla hamjausikia wodini: er liegt in den letzten Zügen. Mtu yuko kwenye pumzi zake za mwisho. Wenzetu wanatumia msemo huo pia kwa kazi iliyokaribia kuisha, ila ukiusikia mbele ya chumba cha mgonjwa, shusha sauti, familia ipo.

Ushauri wa pili ni kujifunza nomino pamoja na kitenzi chake na kale kaneno ka mbele, maana ndiko kanakokuambia kitu kimevutwa kwenda wapi. Auf ni juu, Aufzug ni lifti, na ukivuta dawa kwenye bomba la sindano unasema aufziehen. An ni kuja mwilini, anziehen ni kuvaa, Anzug ni suti. Ab ni kuondoa, Abzüge ndiyo yale makato kwenye karatasi ya mshahara yanayofanya ushangae pesa imeenda wapi. Be ni kufunika, ein Bett beziehen ni kuvalisha kitanda mashuka safi, na Bezug ya mto ni foronya. Jinsia nayo haikusumbui, Zug ni der, basi wote hao ni der, wingi Züge.

Palipo na mtego ni umziehen na ausziehen. Ich bin umgezogen, nimehama nyumba. Ich habe mich umgezogen, nimebadilisha nguo. Ich bin ausgezogen, nimehama nikatoka, ich habe mich ausgezogen, nimevua nguo. Ona jinsi sein (bin) na haben (habe) zinavyobeba maana nzima, kwa hiyo ukienda ofisini kuandikisha anuani mpya fanya mazoezi ya sentensi hiyo nyumbani kwa sauti. Na kuandikisha kwenyewe ni ndani ya wiki 2 baada ya Einzug, yaani tangu ulipohamia, watu wanasahau.

Barua ndizo zinanifanya niandike haya yote, kwa kweli. Ukiona Kontoauszug wanataka taarifa ya benki, hakuna anayehama hapo. Lastschrifteinzug umeruhusu wajivutie pesa wenyewe kwenye akaunti, hakikisha pesa ipo. Familiennachzug ni kumleta mwenza na watoto, nach ni kufuata, wanakufuata ulipo. Na Verzug, hili liwekee alama nyekundu, ni kuchelewa kulipa. Deni la kodi ya nyumba likifika miezi 2 mwenye nyumba ana haki ya kuvunja mkataba bila notisi, sasa wewe umeona Zahlungsverzug ukadhani ni tangazo ukaiweka kabatini! Barua yoyote yenye neno hilo ifungue siku hiyohiyo, na kama huielewi mpelekee mtu anayeijua lugha.

Kwa wale wanaotaka kuwa Erzieher kwenye chekechea, erziehen nayo imo humu, kulea, kumvuta mtoto mpaka akue. Mimi napenda sana neno hilo. Hatamu ya farasi ni Zügel, zamu yako kwenye drafti au chess ni du bist am Zug, na sura ya mtu ni Gesichtszüge kwa sababu ni mistari iliyovutwa usoni.

Ila msizidishe mkaanza kuona ndugu wasiokuwepo. Zugang, Zugriff na Zugabe hazimo kwenye ukoo huu kabisa, hizo ni zu pamoja na Gang, Griff na Gabe, ile g ni ya neno la pili. Ukikutana na neno refu linaloanza hivyo jaribu kulikata baada ya u: kama kinachobaki ni neno linalosimama lenyewe, kama Gang, umeshapata jibu, lakini kama kimebaki "gluft" ambacho si kitu, rudisha g nyuma usome Zug-luft, kisha nenda kafunge dirisha la bibi.