Mgagani kwangu mchungu, kwa mume wangu mtamu

Tangu safu hii iguse mboga za asili, maswali mengi yaliyoingia yanahusu uchungu. Haya ndiyo niliyoona yanafaa kujibiwa hadharani.

Napika mgagani sufuria moja, tunakula sahani moja. Mume wangu anausifia, mimi naona natafuna dawa. Nani kati yetu ana tatizo? (Mama, Kikuyu, Dodoma mjini)

Hakuna mwenye tatizo, mama. Ulimini kuna vipokezi vinavyonasa uchungu, na binadamu ana jeni zipatazo 25 za kuvitengeneza. Iliyochunguzwa kuliko zote inaitwa TAS2R38, iko kwenye kromosomu ya 7. Ina sura mbili zilizoenea duniani: PAV, inayotengeneza kipokezi chepesi kushtuka, na AVI, ambayo kipokezi chake karibu kimelala. Tofauti yao ni asidi amino tatu tu (vipande vinavyojenga protini) ndani ya protini nzima. Kila mtu ana nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama. Mwenye PAV mbili kwa kawaida huhisi uchungu mkali, mwenye AVI mbili huhisi kidogo au hahisi, na mwenye moja moja huwa katikati. Afrika tuna pia sura nyingine zaidi ya hizo, kwa hiyo huku kwetu picha ina rangi nyingi kuliko vitabu vinavyoonyesha.

Mgagani una kemikali za jamii ya glukosinolati, ndugu wa zile za kabichi na sukuma wiki. Jani likikatwa au kutafunwa, hizo ndizo zinazokiamsha kipokezi hicho. Si ajabu wewe ni wa PAV na mzee ni wa AVI, ingawa bila kipimo siwezi kukuapia.

Ubishi wenu una historia. Mwaka 1931 huko Marekani, mkemia Arthur Fox wa kampuni ya DuPont alikuwa anamimina unga uitwao PTC, vumbi likatimka. Mwenzake akalalamika kuwa ni mchungu. Fox, aliyekuwa karibu zaidi na ule unga, hakuhisi kitu. Wakabishana, wakaonja wote wawili, kisha wakaonjesha na wengine: kila mtu na ulimi wake. Jeni yenyewe, hiyo TAS2R38, ilikuja kutambuliwa mwaka 2003.

Kuhusu jikoni: chemsha, mwaga maji ya kwanza (vitamini C kiasi itakwenda nayo, ndiyo gharama yake), halafu unga kwa maziwa au karanga. Chumvi kidogo nayo husaidia, kwa sababu sodiamu hupunguza uchungu unaohisiwa ulimini. Bibi zetu wa Kigogo walikuwa wanatia karanga kabla maabara haijasema lolote.

Shuleni kwa mwanangu walionja karatasi za PTC. Mimi na mke wangu tulijaribu nyumbani, wote tukaona chungu. Mtoto anasema ni karatasi tu. Kaka yangu ananiambia "tafakari". (Baba, Mpwapwa)

Mwambie kaka yako apumzike. Ninyi wawili mnaweza kuwa kila mmoja ana PAV moja na AVI moja. Mnahisi uchungu kwa sababu ya ile PAV, lakini kila mtoto anayezaliwa ana nafasi moja kati ya nne ya kurithi AVI kutoka pande zote mbili. Mtoto huyo ni wenu, na karatasi kwake ni karatasi.

Hata mambo yangekuwa kinyume, wazazi hawahisi na mtoto anahisi, bado nisingevunja nyumba ya mtu. TAS2R38 inaeleza sehemu kubwa ya tofauti za watu kwa PTC, si yote. Karatasi hutofautiana nguvu, na mdomo mkavu au ulimi uliotoka kuungua na chai huharibu majibu. Zamani kuna waliodhani PTC ingetatua kesi za ubaba. Siku hizi kazi hiyo ni ya kipimo cha DNA, ambacho kisheria kinasimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Na sikutumi huko, baba. Swali lako halina hata sababu ya kufika huko.

Mdogo wa miaka minne anatema mnavu, dada yake anakula. Nimchape? (Mama, Kongwa)

Hapana. Watoto wa tumbo moja hurithi nakala tofauti, tena mtoto mdogo huhisi uchungu zaidi ya mtu mzima mwenye jeni hizo hizo. Mpe kidogo kidogo, mara nyingi, bila vita.

Mvinyo mwekundu wa zabibu zetu unanikausha mdomo. Ni jeni hiyo hiyo? (Mkulima, Hombolo)

Huo ni ukakasi, si uchungu. Tanini za maganda na mbegu za zabibu hushikana na protini za mate, ulimi ukapoteza utelezi. Hiyo ni hisia ya kugusa. Mvinyo mweupe huchachushwa bila maganda, ndiyo maana haukaushi hivyo.

PTC siihisi kabisa, lakini kwinini naitapika. Inawezekanaje? (Mwanafunzi, Chuo Kikuu cha Dodoma)

Kwinini hupita kwa vipokezi vingine. Kutohisi PTC hakukufanyi kiziwi wa uchungu wote. Kahawa nayo ina vituko vyake: uchambuzi wa takwimu za Waingereza uliotoka 2018 ulionyesha kuwa waliorithi wepesi wa kuhisi uchungu wa kafeini walikunywa kahawa zaidi, si pungufu.

Nilipika mumunye, mimi nikahisi uchungu, wenzangu wakasema naringa. Tukala. (Msomaji, Bahi)

Hapa sicheki. Mumunye, boga au tango likiwa chungu isivyo kawaida, lina kukurbitasini nyingi, nayo ni sumu. Kupika hakuiondoi. Mmoja mezani akisema ni chungu, asadikiwe yeye, sufuria yote imwagwe. Aliyekula akianza kutapika au kuharisha, hasa akiona damu, aende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Na mbegu za mumunye hilo usizipande tena.