Kombe langu nimelifungia kabatini

Wiki iliyopita mtafiti mmoja kijana aliniandikia: amepata tuzo yake ya kwanza, je, aiweke ofisini au aipeleke nyumbani? Nilichelewa kumjibu, maana siku ileile ilitoka orodha ya washindi wa tuzo niliyoingojea miaka minne, na jina langu halimo. Limo la mtu niliyemfundisha mwenyewe kushika pipeti, mrija wa kupimia vimiminika maabara. Namtakia heri, lakini bado inauma.

Kombe langu la kwanza lilikuwa la kioo, zito, jina langu limechongwa kwa herufi za dhahabu. Nililiweka kwenye rafu nyuma ya kiti, mahali ambapo kila aliyeingia na kila niliyeongea naye kwa video angeliona. Kila Jumatatu nililifuta vumbi kabla hata ya kuwasha kompyuta. Yakaja mengine mawili, na ngao. Nilipenda mno kupewa hongera kwa jambo lililokwisha zamani, na nakiri kwamba miaka ile sikugusa jaribio lolote ambalo lingeweza kunishinda. Nilichelea kushindwa mbele ya rafu ile.

Siku moja fundi wa maabara, aliyekesha nami akipima sampuli hadi alfajiri, alikuja kutaka sahihi. Akalitazama kombe, akasoma jina moja tu lililoandikwa pale, akachukua karatasi yake akatoka. Hakusema neno. Jioni ile nililizungushia gazeti nikalitia kabatini.

Ndipo iliponiingia hadithi ya George de Hevesy, mwanakemia wa Hungaria, ambayo sisi wanakemia tunaisikia tangu chuoni. Wanafizikia wawili wa Kijerumani, Max von Laue, mshindi wa Nobel ya 1914, na James Franck, wa 1925, walikuwa wamezihifadhi nishani zao kwa mwanafizikia wa Denmark, Niels Bohr, Copenhagen, alikofanya kazi Hevesy. Majeshi ya Hitler yalipoivamia Denmark, Aprili 1940, nishani zile zenye majina zingeponza, hasa von Laue aliyebaki Ujerumani, kwa kuwa kutoa dhahabu Ujerumani lilikuwa kosa kubwa. Hevesy alitaka kuzifukia, Bohr akakataa, zingeweza kufukuliwa. Basi Hevesy akaziyeyusha katika mchanganyiko wa asidi ya nitriki na asidi ya hidrokloriki, polepole, maana dhahabu ni sugu. Chupa ikabaki rafuni katikati ya chupa nyingine. Baada ya vita aliikuta haijaguswa, dhahabu ikapelekwa Sweden, nishani zikatengenezwa upya. Franck alikabidhiwa yake mwaka 1952. Muda wote huo alikuwa Chicago, na miongoni mwa kazi zake alitafiti usanisinuru, yaani jinsi mimea inavyotumia mwanga kujitengenezea chakula.

Kwa hiyo, ndugu yangu, ipeleke nyumbani. Mezani weka daftari la jaribio linalokunyima usingizi. Halafu waandikie wote mliofanya nao kazi, uwataje kwa majina, leo hii, si kesho. Narudia: leo. Wenzangu tulio maabara, tumezoea kuwaita watu hawa "wasaidizi" kisha tunapanda jukwaani peke yetu. Tuache. Ni dhuluma, hata kama kanuni za tuzo zinaruhusu jina moja.

Fundi yule sasa amestaafu. Juzi nilimpigia simu, nikamwomba radhi, nikamweleza jaribio nililolikwepa miaka yote. Aliuliza swali moja tu: mizani ile ya zamani bado inafanya kazi? Anakuja Jumatatu, saa moja asubuhi.