Datsun 240Z "ya Safari Rally": anza na bodi, injini baadaye

Mkuu, umeuliza kama hiyo 240Z ya 1972 inayodaiwa kukimbia Safari inastahili bei mara tatu ya 240Z ya kawaida. Kwa ulichoonyeshwa, bado. Aina hiyo ilishinda Safari 1971 mikononi mwa Edgar Herrmann na 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta, ndiyo maana kila yenye taa nne za ziada mbele siku hizi ina "historia".

Tafuta namba ya chasisi iliyogongwa kwenye bodi, ukuta wa nyuma ya injini. Ya usukani wa kulia huanza na HS30. Linganisha na kibati (bamba dogo la chuma lenye namba hiyo) na logbuku. Kibati hung'olewa kikahamishiwa gari jingine, kwa hiyo peke yake si ushahidi. Namba ya injini iko kwenye bloku, upande wa plagi, karibu na silinda ya sita. Ikianza na L28, injini ilibadilishwa. Ya asili ni L24, cc 2393. Punguza bei, usikimbie. Injini hupatikana.

Kutu ndiyo inayoua hizi gari. Toa betri uangalie chini yake: asidi hudondokea reli ya chasisi. Inua mazulia yote, gonga sakafu kwa mpini wa bisibisi, pitisha sumaku nyuma ya matairi ya nyuma na chini ya mlango wa buti. Sumaku isiponasa, hapo kuna pati, yaani kijazio cha kuficha kutu au mbonyeo.

Kompresheni (shinikizo ndani ya silinda): pasha injini, toa plagi zote sita, weka geji kwenye tundu la plagi, kanyaga mafuta hadi mwisho, piga stata, silinda moja moja. Tofauti kati ya silinda ikizidi asilimia 10, weka kijiko cha oili kwenye silinda dhaifu upime tena. Ikipanda ni ringi, isipopanda shuku valvu. Mbili zilizopakana zikiwa chini pamoja, ni gasketi ya hedi.

Sasa historia. Picha ya zamani yenye namba ya usajili haitoshi, maana pleti huhama. Linganisha gari na picha hiyo: matundu ya bamba la kukinga sampu (bakuli la oili chini ya injini), viraka, na weldi za kuimarisha minara ya shokapu. Weldi zote zikiwa mpya na safi, hiyo ni nakala, hata kama ni nzuri. Na usitishwe na pasipoti ya FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari. Inathibitisha vipimo vya kiufundi, haithibitishi kwamba gari lilikimbia.

Bei ipange kutokana na mauzo yaliyokamilika mnadani, si matangazo. Chukua ya 240Z nzima ya barabarani, toa gharama za bodi. Nyongeza ya Safari ilipwe tu kukiwa na karatasi za kuthibitisha kwamba gari lilikimbia, na kwa sasa muuzaji wako hana hata moja.